Mti wa Mjomba Ndani ya Bomba

Mwaka 1963 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na hapo ndipo shida iliponishika. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kawaida wa Bagamoyo. Tunakula, Idi tunavaa, baba anatoka na baiskeli yake na anarudi nayo. Mwaka huo alitoka nayo akarudishwa juu ya lori la nazi, na baiskeli ikalazwa ubavuni mwake ikiwa vipande viwili. Tangu siku ile kazi yangu ni fremu za baiskeli, sijui nyingine. Shule niliishia darasa la pili. Anayetaka maandishi ya kupambwa akatafute kwa waliosoma. Mimi nitaeleza habari za chuma, na nitaeleza habari za mjomba wangu.

Aliyenichokoza niandike ni mjukuu. Yuko Dar es Salaam, anashindana mbio za baiskeli na wenzake wanaovaa nguo za kubana. Idi iliyopita alikuja kunisalimia, akanipa shikamoo yake vizuri kama alivyofundishwa, kisha akaniwekea mkononi baiskeli nyeusi ya kwenda mashindanoni. Niliinyanyua kwa vidole. Nikamuuliza hiki ni nini, mbona hakina uzito wa kitu. Akasema kaboni. Akaeleza: ni nyuzi nyembamba kuliko nywele, zinafumwa kama nguo, zinatandikwa tabaka juu ya tabaka, zinalowekwa gundi, zinaokwa mpaka zinakuwa ngumu kuliko chuma.

"Kwa hiyo ni nguo na gundi," nikamwambia.

Akacheka. "Ukiisema hivyo, babu, ndiyo. Nguo na gundi."

Mimi sikucheka. Fremu ya nguo na gundi niliiona kabla baba yake hajazaliwa. Ndiyo iliyomvunja baba yangu.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alichukua nguru wa chumvi kwa wavuvi wa mjini na wa Kaole, akapakia matenga nyuma ya baiskeli na furushi moja mbele, akapanda bara mpaka Vigwaza, na mara nyingine mpaka Miono kwa wakulima. Biashara ile ilikwenda kwa jina. Mvuvi anakukabidhi samaki wake asubuhi kwa sababu anakujua: huyu si mlevi, si mzembe, atafika na atarudi. Baba hakuwa na duka wala shamba la minazi. Alikuwa na jina lake na baiskeli moja ya Kiingereza.

Baiskeli zile za Kiingereza zilikuwa za chuma safi. Bomba lake jembamba, lakini limevutwa vizuri, na kwenye kila kona mabomba yanaingia katika soketi, yakaungwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Ukipanda, inanesa kidogo chini yako, haikuchoshi mgongo. Adui yake ni mmoja tu, chumvi. Nguru wa chumvi hutiririka njia nzima. Maji yale yanashuka kwenye keria, yanaingia chini ya tandiko, yanaingia kwenye kila tundu, na bomba linaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Wachuuzi wote walilijua hilo, na hakuna aliyekuwa na dawa.

Chuma kina jambo moja nililolipenda tangu mwanzo: hakivunjiki bila kusema. Kwanza rangi inapasuka, mstari mwembamba kama wa wembe. Kisha mstari unatoa machozi ya kutu. Kisha kinalia, kri, kri, kila unapokanyaga. Baiskeli ya baba ilianza kulia mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Ufa ulikuwa kwenye bomba la chini, karibu na shingo, pale mzigo wote unaposukuma. Baba aliuona na akajua la kufanya. Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo kulikuwa na sonara aliyejua kuunga kwa shaba, na baiskeli za watu wengi zilipona kwake. Baba akasema Ijumaa baada ya sala atampelekea.

Habari zikafika kwa mjomba.

Mjomba huyu ni kaka mkubwa wa mama, fundi wa vyombo, wale wanaounda mashua na majahazi pale ufukweni. Jina lake lilijulikana mpaka Pangani. Akipita barazani, watu wanasogeza miguu. Alikuja nyumbani kwetu asubuhi hiyohiyo ya Ijumaa, akaishika ile baiskeli shingoni kama mtu anayepima mbuzi, akamtania baba kama mashemeji wanavyotaniana.

"Shemeji," akasema, "mimi naunda vyombo vinavyokwenda na magunia mpaka Pemba. Leo bomba la baiskeli unampelekea mtu wa hereni?"

Baba akacheka, akasema sonara ana moto wake na shaba yake, ni kazi ndogo, asisumbuke. Mjomba akasema kwani ndugu watasemaje wakisikia kazi ya nyumba hii inafanywa na watu wa nje. Mama alikuwa mlangoni akisikia. Kwetu mkono wa shemeji ukinyooshwa haurudishwi. Ukiurudisha, umemrudishia na dada yake. Baba aliipeleka baiskeli ufukweni mwenyewe, akiisukuma, na mimi nyuma.

Nitaeleza alivyofanya, maana nilikuwepo na niliona kila kitu. Kwanza aliukata ule ufa kwa msumeno ukamalizika kabisa, bomba likawa na midomo miwili. Akachonga kigingi cha mkoko mkavu, kirefu kama kiganja na nusu, kikaingia ndani ya bomba bila kulegea. Akakisukuma chote upande wa chini huku kimefungwa uzi wa mshipi, akarudisha ile midomo ikatazamana, kisha akauvuta uzi, kigingi kikapanda kikakaa nusu huku nusu huku. Akatoboa bomba, akapigilia misumari ya vyombo, akaikunja ncha. Juu yake akazungusha nguo ya marikani iliyolowa sandarusi, ile gundi ya mti, iliyochemshwa na mafuta, tabaka juu ya tabaka, akaianika juani. Ilipokauka ilikuwa ngumu, unagonga inalia kama mfupa. Akapaka rangi nyeusi. Huoni palipokatwa.

Baba akamuuliza juu ya yale maji ya chumvi, je, hayataingia kwa misumari?

"Yaingie," mjomba akasema. "Mti ukinywa maji unavimba. Ukivimba unakaza. Kila safari yako itazidi kuikaza."

Ndivyo vyombo vinavyoundwa. Ubao ukilowa unaziba mwenyewe. Mtu aliyekulia ufukweni hawezi kufikiri vinginevyo, na wote tuliokuwa pale tuliona ni maneno ya akili. Hata mimi. Baiskeli ikaacha kulia. Baba alipanda siku ya kwanza akarudi anacheka, akasema shemeji ameitia roho. Ikawa haina kri tena. Ilinyamaza kabisa, na kunyamaza kule sisi tukakuita kupona.

Miezi ikapita. Msimu wa nguru ukafika, baba akapakia kama alivyokuwa akipakia siku zote. Kwenye mteremko wa kushukia Ruvu, kabla ya kufika Vigwaza, bomba la chini likaachana na shingo. La juu peke yake haliwezi, likajikunja. Gurudumu la mbele likaingia chini, na baba akaenda mbele kwa uso. Alivunjika taya, alivunjika mguu juu ya goti. Waliomwokota walikuwa watu wa lori la nazi. Mganga wa mifupa akaufunga mguu, ukaunga upande. Hakukanyaga pedeli tena maisha yake yote.

Mguu alivumilia. Kilichomuua ni maneno.

Watu walikuja kumpa pole, na kila aliyekuja aliuliza imekuwaje. Taya ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, hawezi kujibu. Akajibu mjomba. Alikaa kwenye baraza letu, kwenye mkeka wetu, akinywa kahawa ya mama, akawaambia watu kwamba shemeji yake alipakia kama punda akakimbiza mteremkoni kama kijana. Alisema kwa huruma. Alitikisa kichwa. "Nilimwambia," akasema, "kile si chombo cha kukimbiza." Hakumwambia. Hakuna siku aliyomwambia.

Baba alisikia kutoka ndani. Nilimwona anageuza uso ukutani.

Taya ilipopona, maneno yalikuwa yameshafika Kaole, yameshafika sokoni, na wachuuzi wenzake walikuwa wameshampa jina: Bwana Mteremko. Akichechemea kwenda msikitini wanamwuliza leo Bwana Mteremko mbona mwendo mdogo. Alijaribu kumtafuta kijana wa kumwendeshea mzigo kwa baiskeli ya kuazima, akaenda kwa wavuvi kuomba samaki kama zamani. Wakamkaribisha vizuri, wakamsalimu vizuri, samaki wakampa mwingine. Nani atamkabidhi mali yake mtu anayekimbiza mteremkoni? Baba akasema hakukimbiza. Alisema mara moja kwa kila mtu, kwa sauti ya chini, kisha akaacha. Angesemaje zaidi? Aseme kazi ya shemeji yake ilikuwa mbovu, na mama yumo ndani?

Kuanzia hapo nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Nilitaka mjomba akae barazani kama alivyokaa, awaambie watu walewale: shemeji hakukimbiza, ni mti wangu. Neno fupi. Halina gharama. Nilidhani nitalipata upesi.

Shule nikaacha. Mama alianza kupika vitumbua, na mimi nikaenda kwa sonara, yule yule wa Mji Mkongwe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia nataka kujua kuunga chuma. Akanitazama, akajua mimi ni mtoto wa nani, akasema nikamate mivukuto. Niliikamata miaka. Hakuwa mtu mwema, nisidanganye. Alikuwa na mkono mrefu wa kupiga na chakula kifupi. Nikiunguza shaba ananipiga kibao mbele ya wateja, na hakuna siku aliyosema hapo umefanya vizuri. Lakini kazi aliijua, na niliiba yote kwa macho. Nilijifunza kusafisha midomo ya chuma mpaka ing'ae. Nilijifunza ule unga mweupe wa masonara unaofanya shaba itembee. Nilijifunza kusoma rangi za moto: chuma kikianza kuwa chekundu kama nyanya bivu, subiri, kikifika rangi ya machungwa, weka shaba, itakimbia yenyewe ndani ya soketi na kuijaza pande zote. Ukipitisha hapo umekiua chuma, kinakuwa kikavu, kitavunjika pembeni mwa ulipounga.

Wachuuzi waliomcheka baba wakaanza kuniletea mimi fremu. Walikuwa hawana haya. "Mtoto wa Mteremko, nitazamie hii." Nilizitazama. Miaka ile zilianza kuingia baiskeli za Kichina, na watu wakaniuliza ipi bora. Niliwaambia na ninasema mpaka leo: Mwingereza ni mwepesi na anapanda vizuri, lakini bomba lake ni jembamba, chumvi ikianza haina mbali pa kwenda. Mchina ni bomba la maji. Ni mzito, kilimani unajuta kuzaliwa, na kila shimo la njiani linafika kwenye meno. Lakini chuma chake ni laini na kinene. Kinapinda kabla ya kuvunjika, na kilichopinda unakinyoosha. Kwa mtu mwenye nguru wa chumvi nyuma, bora Mchina. Kwa mwalimu anayekwenda shuleni na daftari, bora Mwingereza.

Dawa ya chumvi niliipata mwenyewe, hakunifundisha mtu. Ni sifa, mafuta ya maini ya papa ambayo mafundi wa vyombo wanapaka mbao. Mjomba alikuwa nayo mapipa mazima. Nilitoa tandiko, nikamimina sifa ndani ya mabomba, nikaigeuza baiskeli huku na huku mpaka ikafika kila pembe, nikamwaga iliyobaki. Inanuka, mkeo atakulalamikia. Lakini bomba lililotiwa sifa kila mwaka halikuliwa. Yaani kitu cha kumwokoa baba kilikuwa pale pale ufukweni, hatua chache kutoka mahali mjomba alipokaa akichonga mti. Akatia mti, sifa akaiacha ndani ya pipa.

Mwaka 1970 nikaanza kujitegemea, kibanda changu, mivukuto yangu. Jambo la kwanza nililofanya ni kuitafuta fremu ya baba. Baada ya ajali mjomba alikuwa ameichukua, akasema magurudumu yatamfaa kwa mkokoteni wa kubebea mbao. Magurudumu aliyatumia. Fremu aliitupa chini ya mashua mbovu, nyuma ya kiwanja chake. Nilikwenda saa ya sala ya Ijumaa nikaivuta, mchanga umeijaa.

Nikaikata kwa msumeno, kwa urefu, pale alipotia mti. Ndani nikaona niliyoyategemea. Maji ya chumvi yaliingia kwa matundu ya misumari, mti ukayanywa, ukavimba, ukayashika. Bomba la kawaida hulowa likakauka. Hili halikukauka hata siku moja, limekumbatia mti uliolowa chumvi usiku na mchana. Chuma kilikuwa kimekwisha, unakikunja kwa kidole kama ganda la kitunguu. Na ile nguo ya marikani na sandarusi ilikuwa nzima kabisa juu yake. Kwa hiyo ufa ulipofunguka, rangi haikupasuka, kutu haikulia machozi, chuma hakikusema kri. Mjomba alikuwa amekifunga mdomo.

Nilimpelekea baba kwanza. Alikuwa ameketi uani anasokota kamba. Aliligeuza lile bomba mikononi, akapitisha kidole ndani, akalirudisha.

"Lifunike," akasema. "Usimwonyeshe mtu. Shemeji yangu akisema mwenyewe, nitafurahi. Wewe usimwaibishe mjomba wako."

Nikamwambia yeye amekuaibisha wewe miaka saba.

"Mimi ni mume wa dada yake," baba akasema. "Nilikubali mwenyewe."

Mbele za watu sikulipeleka, nilimtii. Nilikwenda kwa mjomba peke yake, kiwanjani kwake, akiwa ndani ya mbavu za mashua mpya anakalafati, anaziba nyufa za mbao kwa pamba. Nilimwamkia, akaitikia. Nikampa lile bomba lililopasuliwa. Alitua pamba na patasi, akalipokea, akalitazama kwa utulivu mkubwa. Hakuuliza limetoka wapi. Akakitoa kile kigingi, akakinusa, akakigonga na patasi, akakikwaruza kwa kucha.

"Huu mti haujaoza," akasema.

Nikamwambia mjomba, tazama bomba.

"Naliona. Limeoza. Ni chuma cha Mzungu." Akanirudishia vyote viwili. "Mti wangu mzima. Nenda kamuulize aliyeunda chuma."

Akaokota patasi yake akaendelea. Nilisimama pale na bomba mkononi kama mtu aliyeleta samaki asiyetakiwa. Na uchungu wenyewe ni kwamba alisema kweli. Mti ulikuwa mzima. Ule mkoko ungekaa miaka mia. Fundi wa vyombo alipewa kazi, akaifanya kwa uaminifu wote anaoujua, na kazi yake ilisimama. Kilichoanguka ni kila kitu kingine. Alikuwa haoni kwa nini aombwe neno.

Baba alifariki mwaka 1973, bado Bwana Mteremko. Mjomba alishika jeneza kwa mbele.

Baada ya hapo niliunga fremu za watu kutoka Kaole mpaka Miono. Mwaka mmoja akapita Mzungu kijana na baiskeli ya alumini, ile ya sufuria, imepasuka chini ya tandiko. Nyepesi, haina kutu, nikaitamani. Nikaiweka motoni nikisubiri iwe nyekundu. Alumini haiwi nyekundu. Inakaa vilevile, nyeupe, inakutazama, kisha ghafla inaporomoka kama ugali uliozidi maji. Nilimrudishia donge na pole. Nikawa na hesabu yangu kichwani: chuma kinasema kabla ya kuvunjika, alumini inanyamaza hata motoni. Na kitu kinachonyamaza mimi sikiamini.

Mjomba alifariki mwaka 1976, mchana wa jua kali, watu wakajaa kwa wingi maana alikuwa mtu mkubwa. Kwetu kabla ya kumsalia maiti, mtoto mkubwa husimama akasema maneno yale: marehemu alikuwa binadamu, mwenye haki yake aseme alipwe, aliyekosewa amsamehe. Watu wote huitikia wamesamehe, halafu safu zinapangwa. Ni jambo la kupita, hakuna anayejibu vingine. Binamu yangu akasimama akasema. Watu wakaitikia, tumesamehe.

Mimi nikasema, "Mimi namdai."

Binamu akanitafuta kwa macho, akaniona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwishachoka. Akasema kwa adabu kwamba watalipa, nitaje kiasi.

"Si fedha," nikasema. "Namdai neno. Alisema kwenye baraza letu kwamba baba yangu alikimbiza baiskeli. Hakukimbiza. Fremu ilikatikia kwenye mti aliouweka yeye. Lisemwe hapa, halafu nimsamehe."

Shehe akasogea akaninong'oneza kwamba maiti anangoja, jua linapanda, na kusamehe kuna thawabu. Nikamwambia najua. Wazee wakaanza kuguna. Mtu nyuma akasema huyu ni yule wa baiskeli, mtoto wa Mteremko. Binamu akamtazama shehe, shehe akainua mabega. Binamu akarudi akasimama pale aliposimama mwanzo.

"Haya," akasema. "Marehemu baba yake huyu hakukimbiza. Tumekubali."

"Tumekubali," watu wakaitikia, kwa sauti ileile waliyosemea tumesamehe. Safu zikapangwa.

Basi nililipata. Miaka kumi na mitatu nililingojea, na lilitoka kama mtu anavyosogeza kiti upite. Nilisema nimesamehe kwa sababu niliahidi. Nilisali, nikabeba jeneza kwa zamu yangu, nikatia mchanga. Wakati tunarudi kutoka makaburini, mbele yangu walikuwa wachuuzi wawili wa zamani, wakubwa kuliko mimi, wanatembea na kanzu zao wamezikunja. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakuteremsha sauti:

"Lakini Bwana Mteremko naye alikuwa anapenda mwendo."

"Alikuwa anapenda," mwenzake akasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba neno likishakaa kwa watu ni kama ule mti. Linanywa, linavimba, linakaza, na kilicholizunguka ndicho kinachooza.

Sasa narudi kwa mjukuu na kaboni yake. Nilimwambia aniachie nimtazamie. Nilichukua sarafu nikaigonga fremu yote, kutoka shingo mpaka mkia, nikisikiliza. Pazuri panalia ko. Mahali pamoja karibu na pedeli palilia zito kidogo, nikamwambia hapo pana jambo, asiipande mpaka aliyeiuza aitazame. Akasema haoni alama yoyote. Nikamwambia ndiyo nguo na gundi, haitakuonyesha. Nikamsimulia habari za baba yangu na mjomba, marikani na sandarusi. Alisikiliza vizuri, kisha akasema kwa furaha kwamba kumbe yule mjomba wangu alikuwa mbele ya wakati wake, alitengeneza kaboni kabla ya kaboni.

Niliendelea kuigonga fremu kwa sarafu mpaka akaona amesema vibaya.

Nitakuwa mkweli. Kaboni ni kitu kizuri. Chumvi haiili. Ni nyepesi kuliko alumini, na mjukuu anasema kwenye njia mbovu inanesa kuliko chuma cha Kiingereza, nami namwamini. Lakini haibebi keria, ukiibana kwa skrubu inapasuka, na ikipasuka hakuna mivukuto wala shaba itakayoirudisha kwangu. Imeundwa kwa mtu anayebeba mwili wake tu. Mtu anayebeba riziki ya watu wa nyumbani kwake namwambia achukue chuma, akitie sifa kila mwaka, na kikianza kulia akisikilize.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali, vyumba vinne, bati jipya. Karakana mbele ya barabara, mlango wa chuma niliouchomelea mwenyewe. Mitungi ya gesi. Mivukuto ya zamani, haitumiki, siiuzi. Minazi Kaole. Kiwanja Vigwaza, si mbali na ule mteremko. Baiskeli ya Kichina ninayopanda, na ya Kiingereza ninayoitazama. Pipa la sifa. Kaburi la baba nimelijengea ukuta. Na juu ya rafu, kipande cha bomba kilichopasuliwa, kimebaki kama utepe wa kutu, na kigingi cha mkoko. Nilikigonga jana. Bado hakijaoza.